Sahani ya Nne

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Anderson usimfunike mtoto mdomo kana kwamba sijaona. Nimeona. Meno ya juu yametangulia. Nimesikia pia mlivyopanga jikoni, kwamba Jumatatu ashushwe mjini Same, apandishwe basi, akalelewe na watu wasiotujua, maana kigego atamaliza ukoo. Ukoo huu anaoumaliza ni mimi, nina miaka themanini na mbili, wala sifi kwa sababu yake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lukasi, wewe si kifungua mimba. Kabla yako alikuwepo mvulana, na yeye meno yalianza juu. Kanisa lilishakataza, serikali ilishakataza, hata wazee wenyewe walishaacha kupeleka vigego kule mwambani wakafe. Marehemu bibi yenu Yudith, mama mkwe wangu, ambaye nimewafundisha kumchukia, alinipigia magoti akaniomba tumpeleke misheni kwa masista. Mimi niliogopa baba yenu asije akanirudisha kwetu. Nikamfunga mgongoni adhuhuri, ukungu ukiwa umeshuka, nikampandisha hadi juu ya mwamba, nikamlaza, nikarudi na kanga tupu. Kisha nikamsingizia bibi yenu, naye akanyamaza mpaka kaburini.

Tangu hapo, kila Kwaresima ukungu ukishuka, namsikia akilia mwambani. Mlikuwa mkinicheka nikiwapakulia ninyi watatu makande na sahani moja ikazidi, mkasema mama hesabu zimemshinda. Sikukosea. Ile ya nne nilikuwa naiacha kizingitini, na nikiirudia naikuta safi, na mbwa hatujawahi kufuga. Nilifunga nyama, nikafunga chumvi, nikaifuata Njia ya Msalaba hadi magoti yakachubuka, kumbe nilikuwa nampa Mungu kila kitu isipokuwa kile alichokuwa akiniuliza.

Mwaka huu sauti imeanza kuteremka. Jumatano ya Majivu ilikuwa mferejini. Wiki iliyofuata ikawa kwenye migomba. Ijumaa ilikuwa chini ya dirisha hili, ndipo nikamwita padri nikaungama, naye akanipa kitubio kimoja tu, niwaambie ninyi. Leo halii. Yuko humu ndani tangu asubuhi, amekaa miguuni pangu. Victoria, usiguse godoro hapo lilipobonyea. Tazama tu.

Basi shikeni haya. Shamba la chini, la tangawizi, ni la mjukuu wangu huyu, Bahati, na atalilima mwenyewe akikua, hapa hapa. La juu mgawane bila ugomvi. Mtoto hatumchagui, tunapewa, na aliyetupa anajua meno aliyaanzia wapi. Kabla ya Pasaka nendeni kaburini kwa bibi yenu mkaniombee radhi, wote, pamoja. Kwenye msalaba wangu andikeni mama wa watoto wanne. Na sahani ile, mkipakua, mpeni Bahati.

Ernesta, mkwe wangu, mlete. Niwekee kidole changu kinywani mwake, mkono wenyewe haunyanyuki.

Anauma. Ana nguvu huyu.

Mungu awatunze, wanangu. Awape watoto, na awape moyo wa kuwapokea... Jumatatu asishushwe. Niitikieni, nisikie. Asishushwe.

Haya. Sasa nigeuzeni ubavu, taratibu. Mgongo uwe wazi. Na ile kanga niliyombebea kaka yenu, nifunikeni nayo.

Anapanda mgongoni.