Mwalimu Flaviana na Mke wa Kwenye Sinema

Baba paroko, wazee wa ukoo, walimu na majirani zetu wa Mabibo, mimi ni Daniel Byabato, mdogo wake Jonas, mume wa marehemu, na familia imenituma niwaeleze shemeji yangu alikuwa nani, kazi ninayoifanya kwa uchungu lakini kifua mbele, ingawa mnajua kwamba hadi juzi tulikuwa bado tunabishana atalala wapi.

Mwalimu Flaviana Kemilembe alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Kamachumu, wilayani Muleba, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, na ni katika miaka hiyo gari la sinema lilipofika uwanjani, likatundika kitambaa cheupe, likaonesha filamu ya mke aliyefukuzwa kwa kukosa mtoto, ambaye mwishoni anarudi kwa magoti, mume anamsamehe, na uwanja mzima unapiga makofi. Flaviana hakupiga. Alirudi nyumbani amekasirika, na hasira hiyo, kwa taarifa yenu, hakuimaliza hadi utu uzima.

Alimaliza sekondari mwaka 1986, akahitimu ualimu mwaka 1989, akapangiwa kufundisha Kiswahili Temeke, alikotumikia hadi alipostaafu mwaka 2023, na tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa na kaka yangu Jonas, fundi umeme, wakaweka makazi hapa Mabibo.

Ndoa hiyo haikujaliwa mtoto, na hilo ninalisema kwa sauti ileile kwa sababu wapo wanaosubiri nilinong'one. Wapo pia ndugu waliomletea Jonas majina ya wasichana, naye, mtu mpole kuliko wote ninaowafahamu, aliwanywesha chai, akawasindikiza hadi kituoni, akarudi kwa mkewe.

Mwaka 2013 Flaviana alianzisha kikundi cha maigizo cha vijana wa mtaani na wanachuo wa mabweni, akaichukua filamu ile ya utotoni akaiandika upya kwa ajili ya jukwaa, ambapo mke aliyefukuzwa anauza mboga sokoni, anaishi vizuri, mume ndiye anayemfuata, naye anamsikiliza amesimama, kisha anamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kwenda kupima uzazi. Mzee mmoja aliyekuja kutazama mazoezi alimwambia, "Mwalimu, sinema yetu umeiharibu," akajibiwa, "Shikamoo mzee wangu, mie naitengeneza tu, iliharibika siku nyingi."

Siku ya onesho la kwanza mama yetu mzazi, Ma Tekla, alikuwa amekuja kutoka Muleba, tukamketisha mstari wa mbele, na hakuna aliyejua atasema nini juu ya mkwewe. Jovina, binti wa kwetu aliyeigiza mke, alipoingia kwenye sehemu ya mwisho alitakiwa kusimama wima, lakini macho yake yakakutana na ya mama, malezi yakamshinda, akapiga magoti palepale jukwaani akamwamkia kama tunavyoamkia kwetu. Ukumbi ukashangilia, watu wakidhani mke amenyenyekea kama kwenye filamu, aliyeigiza mume naye akanyoosha mkono kumsamehe, na Flaviana, nyuma ya pazia, akajishika kichwa. Mama akaitikia kwa utulivu, akauliza habari za nyumbani, akajibiwa zote, kisha Jovina akainuka, akamgeukia mume, akasema maneno yake yote amesimama.

Kosa lile Flaviana hakulifuta, akaliingiza kwenye mchezo, kwa sababu lilionesha jambo alilokuwa akihangaika nalo, kwamba mwanamke anaweza kumheshimu mkubwa wake na bado asijidhalilishe kwa mumewe. Asubuhi yake Mama aliuliza onesho jingine ni lini. Mchezo huo ukaenda hadi Temeke na Kiwalani, na nimeshuhudia wanaume wazima wakitoka ukumbini wameshikwa mikono na wake zao. Mimi nilijivuna, nikamwambia kila niliyekaa naye kwamba yule ni shemeji yangu.

Mwezi Machi 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na alifariki Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Jonas.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kulala nasi nje, walimu wenzake wa Temeke, na Jovina pamoja na kikundi chote, ambao tangu Jumamosi hawajaondoka hapa.

Sasa kuhusu maziko. Wazee wetu wawili waliuliza kikaoni kama mke asiye na mtoto anastahili kulazwa Muleba kwenye kibanja cha ukoo, shamba la migomba walimozikwa wazee wetu, au tumzike hapa kwenye makaburi ya Kinondoni yaishe, na Jonas akalia mbele yetu sote. Mama aliwasikiliza hadi mwisho, halafu akasema mahali pa kuchimba kaburi papo tayari, ni pale mbele ya nyumba yake alipojichagulia yeye mwenyewe, apewe Flaviana, na yeye Mama siku yake ikifika achimbiwe pembeni ya binti yake. Tunaondoka na mwili kwenda Muleba leo saa kumi jioni.

Shemeji, nenda ukapumzike kwa amani, nyumbani kwako.