Chaja ya Baba Mkubwa

— Mtu hafi kwa kukoroma!

— Nani kasema afe? Nimesema hakoromi tu, anakata pumzi. Wewe huna masikio?

— Masikio ninayo. Ila jana nilikuwa kwangu nimelala, sikuwa nahesabu pumzi za watu.

— Nisizihesabu vipi, na dirisha lake na langu yametengwa na tofali moja? Anavuta, anavuta, kimya. Unangoja. Kimya. Unataka kuamka ukagonge. Mara anaibuka kama mtu aliyezamishwa kwenye pipa!

Waliokuwa wanabishana ni Kinyozi na Daktari, jirani anayehesabu pumzi. Ilikuwa saa mbili asubuhi, maduka mengi hayajafunguliwa, na benchi la nje ya geti la mama yangu mdogo lilikuwa limeshajaa. Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori. Mama mdogo huuza kahawa hapo, na kwa siku hizo tatu nilizomtembelea mimi ndiye niliyekuwa namimina. Kinyozi ana kibanda chake hatua kumi kutoka benchi, lakini mteja akitaka kunyolewa huja kumtafuta kwenye kahawa. Daktari si daktari. Alikuwa mlinzi wa geti la hospitali miaka kumi na moja, akatoka na jina. Kati yao huketi Mstaafu, aliyekuwa karani wa posta, ambaye hapendi maneno yaende bila mpango. Asubuhi hiyo kati yao aliketi na mtu wa nne, kidevu kifuani, kikombe kimemlalia mkononi. Ndiye aliyekuwa anasemwa. Huyo ni baba yangu mkubwa.

— Punguzeni sauti, alisema Mstaafu. Mtasema mpaka aamke.

— Si ndicho tunachotaka? alisema Kinyozi. Dereva anasinzia saa mbili asubuhi!

Kikombe kilipinduka. Kahawa ikamwagika kwenye suruali ya baba mkubwa, naye akaruka wima, akatutazama mmoja mmoja kama anayetafuta uso anaoufahamu.

— Sikulala, alisema. Nilikuwa nawasikiliza.

— Haya, tulikuwa tunazungumza nini? aliuliza Kinyozi.

— Mpira.

— Leo hatujaugusa mpira, kaka.

Baba mkubwa alicheka, lakini kicheko kilimwisha kabla ya watu kukipokea. Akachukua kitambaa mkononi mwangu, akajipangusa.

— Ngoja nibadilishe suruali, alisema. Saa nne tunaondoka.

Akaingia ndani. Ng'ambo ya barabara gari lake lilikuwa limeshaoshwa. Lilikuwa limewaleta wanafunzi kumi na sita na mwalimu wao kwenye mashindano ya mdahalo, na siku hiyo lilikuwa linawarudisha. Ni mwendo wa saa tano, na saa nzima kati ya hizo ni kona za mlimani.

Inanibidi nieleze jambo hapa, maana pale benchini mimi peke yangu ndiye niliyelijua.

Baba mkubwa ana begi la kijivu ambalo hasafiri bila hilo. Nyumbani sote tuliambiwa ni chaja ya betri ya gari. Tuliambiwa tusiliguse, kwamba umeme wake ni mkali. Siku ya safari alikuwa anazungumza na mwalimu, akaniambia, "Panga mizigo, mwanangu." Nyuma ya kiti cha dereva nafasi ilikuwa ndogo. Nilijua betri ya gari ni mpya, ina wiki mbili tu, nikasema chaja itakuwa na kazi gani? Nikalitoa begi, nikaliweka nyuma ya mlango wa stoo, na mahali pake nikaweka furushi langu.

Furushi hilo lilikuwa madaftari yangu ya kidato cha pili. Shule niliishia hapo. Sikuwa na haja nayo safarini. Nilitaka tu wale wanafunzi wanione na mimi nina madaftari. Tulikwenda mwendo wote wa saa tano na hakuna aliyegeuka kuyatazama.

Jioni tulipofika, baba mkubwa alitoa kila kitu garini. Alifunua mpaka zulia. Akaniuliza, "Chaja umeiona?" Nikamwambia, "Sijaiona." Nililisema hilo haraka, na kwa adabu, kama mtu anayepokea salamu. Akasimama kidogo mlangoni mwa gari, akasema, "Basi nimeisahau mwenyewe. Uzee." Kisha akazima simu yake. Hakuiwasha tena.

Asubuhi hiyo, kabla sijateka maji ya kahawa, mama mkubwa alinipigia mimi.

— Mbona mashine ya baba yako iko hapa nyuma ya mlango wa stoo?

— Ile chaja?

— Chaja gani! Ni ya kulalia, mtoto wee! Anavaa puani, inampulizia hewa, la sivyo koo linajifunga usingizini. Ni mwaka wa pili huu. Mwenyewe hataki mtu ajue. Mpe simu.

— Amekwenda kuoga, mama.

— Yake siku ya tatu leo haipatikani. Sikiliza, mwambie asiendeshe. Alivyoambiwa hospitali ni hivi: siku asiyolala na mashine, asishike usukani. Umenisikia?

Nikasema nimesikia. Kweli alikuwa anaoga. Lakini alitoka, nikampa taulo, nikampa kahawa, na sikumwambia.

Benchini Mstaafu alikuwa ameshachukua uongozi.

— Tuanze upya, kwa utaratibu. Mtu anaingia kitandani saa tatu, anatoka saa kumi na mbili, na bado anamwaga kahawa. Swali: usingizi wa usiku kucha umekwenda wapi?

— Mto, alisema Kinyozi. Nimeuona umeanikwa. Umejaa kama gunia la mkaa. Shingo ikipinda, usingizi hauteremki mwilini, unaishia kwenye kidevu.

Mama mdogo alikuwa anapuliza moto. Aliinua kichwa.

— Mto wangu uuache. Usiku wa kwanza nilimpa mmoja, hapakulalika. Wa pili nikampa mitatu, hapakulalika. Jana shemeji amelala kwenye kiti, ameketi wima kama anasubiri kuitwa jina. Na bado ni yale yale.

— Mpira mlimshonea? aliuliza Daktari.

— Niliposikia kwako nilijua ni wazimu, lakini binti kaushona.

Ni kweli. Nilichukua mpira mdogo wa watoto wa jirani, nikaushonea mgongoni mwa fulana yake ili akitaka kulala chali umsumbue ageuke. Wakati huo nilikuwa bado naamini ni mkoromo tu. Nilishona kwa uzi wa kukunja mara mbili, na kila nilipopitisha sindano nilijisikia mtu mwema.

— Fulana ilikuwa imechanika asubuhi, alisema mama mdogo. Mpira nimeukuta chini ya kabati.

— Mnahangaika na mgongo, ugonjwa uko chini ya makalio, alisema Kinyozi. Nisikilizeni. Miaka thelathini amekalia injini inanguruma. Mwili umezoea. Usiku kukiwa kimya, mwili unashtuka: mbona tumezima? Tumefika wapi? Ndipo koo linapoanza kunguruma lenyewe, lisaidie. Dawa yake alale ndani ya gari, injini ikiwaka.

— Umuue kwa moshi?

— Basi arekodiwe mngurumo, awekewe sikioni.

— Si hivyo, alisema Mstaafu, akanyoosha kidole kama anayegonga muhuri. Hili ni suala la kuchelewa. Dereva anakwenda mbio, mwili unafika. Usingizi wake je? Usingizi hauna gari. Unamfuata kwa miguu. Akifika huku, usingizi bado uko kule. Akirudi kule, umeshapita huku. Ni kama barua yenye anwani ya zamani. Huyu bwana hapa kwenye benchi alikuwa analala usingizi wa mwezi uliopita. Ndio kwanza umemfikia.

— Mzee, leo umekunywa ngapi? aliuliza Kinyozi.

— Kimoja tu. Binti, ongeza.

Nikamwongezea. Daktari aliweka kikombe chake chini.

— Ni ulimi, alisema mwishowe. Mtu akilala, ulimi unarudi nyuma, unaziba njia. Hewa haipiti. Anashtuka kidogo, anavuta, analala tena, unaziba tena. Usiku mzima. Mwenyewe hajui, anadhani amelala.

— Ulimi wa nani unaoua watu? alisema Kinyozi. Kwa ulimi ulionao wewe, tungeshakuzika zamani!

Walicheka wote, na mama mdogo pia. Daktari akangoja wamalize.

— Chekeni. Pale getini nimewaona. Wanapewa mashine, ina bomba kama la kuvutia mafuta, na kitu cha kufunika pua. Wanatoka nayo kwenye begi. Wengine wakinipita walikuwa wanalificha begi kwa koti.

— Mtu mzima alale na bomba puani? alisema Mstaafu. Mke anamtazamaje?

— Anamtazama akiwa hai.

— Mimi hapana, alisema Kinyozi. Bora nikose usingizi kuliko kulala kama pipa la mafuta linapakuliwa. Wajukuu wakiingia wakikuona je? Watakimbia mpaka kwa mjumbe!

Wakacheka tena. Birika lilikuwa zito mkononi mwangu. Dirisha la chumba cha baba mkubwa liko nyuma tu ya benchi, na lilikuwa wazi. Nilimwona kupitia pazia amesimama na suruali safi mkononi, hajaivaa, hatikisiki. Alikuwa anasikia kila neno. Alikuwa anawasikia watu aliokunywa nao kahawa siku tatu wakimcheka bila kujua wanamcheka yeye. Na asingekuwa anajificha pale nyuma ya pazia kama nisingetaka kuonekana na madaftari.

Hapo ndipo alipokuja mwanafunzi mmoja, msichana, peke yake. Alikuwa wa rika langu. Soksi zake zilikuwa nyeupe, zimepanda sawasawa, na kwenye shati alikuwa na beji mpya ya ushindi. Nilivuta kanga nifunike doa la kahawa kwenye gauni langu.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, walijibu wote.

— Mwalimu anawasalimu. Amenituma niulize, dereva amelala vizuri?

Ni swali ambalo watu huulizana kila asubuhi, na jibu lake halina kazi. Watu wale wa benchi walikuwa na maelezo ya mto, ya injini, ya barua iliyopotea. Lakini sasa Mstaafu alivua miwani, akaanza kuifuta ingawa ilikuwa safi. Kinyozi alichungulia ndani ya kikombe chake. Daktari alimtazama mama mdogo, na mama mdogo akageukia moto wake. Angesema nini? Mgeni ni shemeji yake. Amwambie mtoto wa watu kwamba shemeji yake hawezi kazi yake?

Msichana alingoja. Alidhani hatukumsikia.

— Mwalimu anasema barabara ni ndefu, aliongeza. Ndiyo maana anauliza.

Niliweka birika chini. Sikuwa nimepanga la kusema. Nilisikia tu sauti yangu, na ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka.

— Hajalala. Ana ugonjwa wa pumzi, analala na mashine, na hospitali wamesema akiikosa asiendeshe. Mashine haikusahauliwa. Niliitoa mimi kwenye gari, nikaweka vitu vyangu. Halafu akaniuliza, nikamwambia sijaiona.

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alisimama, akakaa tena. Nilitamani mtu anigombeze, hata mama mdogo anipige kofi mbele yao wote, maana nilikuwa nimemvua nguo mtu anayenilea. Siri aliyoitunza miaka miwili niliimwaga barabarani kwa pumzi moja, mbele ya watu ambao muda huo huo walikuwa wamemaliza kuicheka. Nisingeisema, abiria kumi na wanane wangepanda gari lile, mimi nikiwemo. Nililijua hilo. Na bado nilishindwa kuinua uso kutazama dirishani.

— Kwa hiyo, alisema msichana polepole, akinitazama, nimwambie nini mwalimu?

Dereva si mimi.

Nyuma yetu mlango ulifunguliwa. Baba mkubwa alikuwa amevaa suruali safi na shati la kazi, lenye vifungo vyote. Ufunguo wa gari ulikuwa mkononi. Alipita nyuma yangu bila kunigusa, akaurefusha mkono juu ya kichwa cha Kinyozi, akauweka ufunguo mbele ya mama mdogo, kwenye meza ya vikombe. Kisha akarudi mpaka mlangoni, akashika fremu kwa mkono mmoja. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliwatazama wanaume wale watatu, mmoja baada ya mwingine, mpaka kila mmoja akainamisha kichwa. Mimi hakunitazama. Akamgeukia yule msichana, akasema:

— Mwambie mwalimu sijalala. Na umwambie nimesema mwenyewe.