Kombe la Kondoo

Asubuhi ile hapakuwa na wa kucheka kwenye baraza yetu ya Kokoni. Mcha, fundi kofia, aliiacha kahawa ikapoa. Mkewe kajifungua baada ya miaka tele ya kusubiri, na kondoo wa akika ya mtoto, wa kuchinjwa kesho, kaamka midomo imejaa vidonda kama yule wa jirani yake, Bi Shemsa. Kondoo mgonjwa hafai kwa akika. Wenzake walishaanza kubishana: Pandu Siasa, Mabrouk tuliyemwita Redio, na Jaku Daktari, aliyewahi kulazwa hospitali wiki nzima, udaktari wake ndio huo.

JAKU: Kala majani ya umande huyo.

MCHA: Yakhe, hajatoka uani! Majani nnamkatia miye, nnayaanika.

PANDU: Basi bomu. Wazungu wanapasua mabomu baharini, vumbi linakuja na upepo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

JAKU: Tembo limeingiaje hapa?

PANDU: Limeingia. Fikiri.

REDIO: Hilo jicho la hasidi tu. Ndiyo maana yule wa Bi Shemsa alipougua nkamwomba mwalimu wa chuo cha Kurani aandike kombe, aya za kuoshwa kwa maji zikanywewa, nkalizungusha mwenyewe nyumba hata nyumba. Kondoo wa mtaa mzima wamekunywa! Sikutaka hata ahsante.

JAKU: Na sasa wote wanaumwa! Basi jini hilo, tena la Kizungu, halijui Kiarabu.

Hapo akatokea mzee Jecha, ami yake Mcha, katoka Chwaka kwa ajili ya akika.

MCHA: Shikamoo, ami.

JECHA: Marahaba. Nimewasikia tangu kule. Hilo bakuli la kombe lilikuwa moja?

REDIO: Moja, ami. Kombe halimwagwi ovyo.

JECHA: Na aliyetangulia kunywa nani?

Sote tulikuwepo. Alitangulia yule kondoo mgonjwa wa Bi Shemsa, mate yakidondokea mle mle bakulini, na sisi tukiitikia amin.

MCHA: Ya Rabbi! Wangu alikataa. Nlimshika kichwa miye, kwa mikono hii, nkamnywesha.

JECHA: Bakuli liko wapi sasa?

Redio alinyoosha kidole upande wa bandarini.

REDIO: Mtaa wa Malindi. Nmempa Ame wa huko alfajiri, akawakinge wao na jicho. Kule kondoo wao... wazima wote.

Mcha alikuwa keshafika kwenye kona, kiatu kimoja mguuni, anapiga kelele njia nzima:

— Ame! Ame! Usiwanyweshe!