Suruali ya Amerika

Wachungaji, wazee wa ukoo, wakwe zetu mliotoka Suna na majirani wa hapa Ogwedhi, familia imenituma niwasomee maisha ya ndugu yetu Zablon Mokaya Bichage, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Amerika, na naomba mnivumilie, kwa maana maisha haya yana mahali pa kuinamisha kichwa, na wapo kati yetu waliotaka mahali hapo parukwe, lakini mjane amesema pasomwe, maana mficha uchi hazai.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Ogwedhi, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Bichage, aliyehamia huku kutoka Kisii akitafuta shamba. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka wa 1959 hadi 1966, na mwalimu wake mkuu wa kweli alimpata mwaka wa 1964, wakati gari la sinema lililokuwa likitangaza sabuni lilipoegeshwa kando ya soko la mifugo, shuka jeupe likatundikwa, na Mokaya akamwona Mmarekani mmoja wa zile picha za zamani zisizo na sauti, mtu mwembamba ambaye Mokaya hakuwahi kulijua jina lake, akianguka ngazini, akimwagiwa maji, akiponyokwa na suruali mbele ya wakubwa, huku uso wake ukibaki mkavu kama wa mtu anayesubiri daktari. Kesho yake Mokaya naye akaanza kuanguka, na baba yake akadhani ni kifafa.

Mwezi wa Februari 1972 aliajiriwa na watu wa gari hilohilo, kazi yake ikiwa ni kukusanya watu kabla ya picha kuanza, na kwa miaka kumi na tatu alianguka katika masoko ya Migori, Rongo, Homa Bay, Mbita na hata kisiwani Rusinga, akimalizia kila mara kwa suruali kubwa kuporomoka hadi vifundoni na kaptula ya maua kuonekana, naye anatazama mbele kama ambaye hana habari. Alikuwa na sheria moja aliyoichukua kwa Mmarekani wake, kwamba anayechekesha hacheki, na hakuna aliyewahi kumwona akiivunja kazini.

Tarehe 10 Desemba 1978, huko Migori, alifunga ndoa na Orpah Bochaberi, binti wa Mama Bathsheba, shemasi wa kanisa la Waadventista, ambaye alikuwa ameambiwa kwamba mkwe wake anafanya kazi katika mambo ya sabuni, jambo ambalo halikuwa uongo. Siku hiyo Mama alimpa binti yake leso nyekundu aliyoinunua dukani kwa Abdullahi, yenye maandishi NANI KAMA MAMA. Walikwenda kukaa Rangwe, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Linet mwaka wa 1980, Bogonko mwaka wa 1982, na Dolphine mnamo Julai 1985.

Sasa tumefika mahali penyewe. Mke akiwa bado amelala kwa uchovu wa uzazi, marehemu aligundua kwamba kaptula yake ya kazi imeraruka, akafungua sanduku, akachukua leso iliyokuwa juu, akaikata na kushona kaptula nyingine kwa mkono wake, na kwa kuwa hakuna mtu aonaye mgongo wake mwenyewe, hakujua maandishi yameangukia wapi. Jumanne tarehe 20 Agosti 1985, katika soko la Rangwe, suruali iliporomoka kama kawaida, umati ukaangua kicheko ambacho hakuwahi kukisikia maishani, naye alipogeuka kuinama akamwona, katikati ya wauza vyungu, mama mkwe wake, akiwa njiani kwenda kumwona mjukuu mchanga, na unga wa wimbi kichwani. Mama alijifunika uso kwa kitambaa, akageuka, akarudi kwao Suna na unga wake.

Ninyi mnaotoka jamii nyingine mtuelewe, sisi tuna chinsoni, yaani ule mpaka wa heshima kati ya mzazi na mkwe, ambapo hata kukutana bila shati ni neno zito, sembuse hili. Wazee walitaka mbuzi achinjwe na aibu ioshwe, wakamwita Mama mara mbili, na mara zote mbili hakutokea, kwa hiyo marehemu akajua hajasamehewa. Aliacha kazi ya gari, na kutoka mwaka wa 1986 hadi 2011 alikuwa bawabu wa shule ya sekondari, akivaa mikanda miwili kiunoni, na hata mvua ikinyesha hakukimbia, asije akateleza na watu wakacheka. Mama alipokuja kwenye harusi ya Linet, yeye alishinda migombani hadi jioni, na harusi ya binti yake aliisikia kwa nyimbo tu. Watoto nao waliona haya kwa ajili yake, na yeye aliliona hilo, na familia inasikitika kwamba aliliona.

Mwaka wa 2023 alianza kuugua moyo, na tarehe 3 Juni 2025 alilazwa katika hospitali mjini Homa Bay. Jumatano tarehe 11, Mama Bathsheba, akiwa na miaka tisini na mitatu, aliomba Linet ampeleke, akaketi kwenye benchi nje ya wodi, kwa kuwa haifai kumwona mkwe kitandani, akazungumza kupitia mlango ulioachwa wazi. Alisema kwamba siku ile ya Rangwe hakukimbia kwa hasira, bali aliyasoma maandishi ya leso yake pale yalipokuwa, akacheka ndani ya kitambaa, yeye shemasi, akimcheka mkwe wake makalio, na wazee walipomwita aliogopa kwamba akimwona tu atacheka tena mbele yao, kwa hiyo aibu aliyoibeba miaka arobaini ilikuwa yake mwenyewe. Marehemu akauliza kutoka kitandani kama kweli ilichekesha. Mama akajibu kwamba tangu azaliwe hajaona kitu cha kuchekesha kama kile. Ndipo marehemu akacheka, kwa sauti, hadi muuguzi akaja kuangalia, na Mama naye akacheka huko nje, na hawakuonana.

Alitutoka Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Rangwe na Ogwedhi, walimu na wafanyakazi wenzake wa lango, na Mama Bathsheba, ambaye yuko hapa nasi, na ambaye alileta mkanda mpya na kumwomba Bogonko amvike baba yake, na Bogonko ameukaza hadi tundu la mwisho. Pumzika kwa amani, Amerika, suruali haitaanguka tena, na mama mkwe wako ameshika kitambaa mdomoni, akijitahidi asicheke.