Seremala Anatafakari, Msimsumbue

Shoga, apa kwanza. Apa kwamba hili halitoki hapa. Mimi mwenyewe mke wa seremala kaniapisha, na tangu jana sijamwambia mtu, isipokuwa dada yangu, muuza mkaa, na yule mama wa mashine ya kusaga aliyenishika mkono akakataa kuniachia. Benchi langu la kahawa unalijua, limeegemea ukuta wa karakana ya seremala. Siku hizi mlangoni kaweka pazia, na juu yake kibao: NATAFAKARI, MSINISUMBUE. Kajifunza kwenye simu kutafakari kwa Kibudha, basi anakaa humo kakunja miguu, macho kayafumba, anahesabu pumzi. Na Mabudha sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na huyu, ambaye hata kabla ya Budha alikuwa mvivu. Mama mkwe wake anaishi nyumba haina mlango! Seremala aliung'oa akaupige randa kwa kuwa ulikuwa unakwama, na mpaka leo pale pananing'inia shuka.

Jana tumekaa: kinyozi, Mzee Redio, ambaye akishawaka hazimiki, na mimi na birika langu.

— Jamaa kazama leo, kinyozi akanong'ona. Hata kukohoa hakohoi.

— Ukizama sana, roho inatoka kutembea, akasema Mzee Redio. Mwili unabaki kama koti kwenye msumari.

— Inatembea wapi?

— Popote. Bila nauli.

— Basi ipitie kwa mkwewe ikalione lile shuka, nikasema.

— Bibi, wewe huna utulivu. Mwenzio kaiacha dunia.

— Dunia kaiacha, sufuria hajaiacha. Mkewe kaingiza moja sasa hivi, imejaa.

— Mie nilichungulia juzi, kinyozi akadakia. Wallahi kakaa juu! Hagusi sakafu!

— Anaelea?

— Kimo hiki! Akaonyesha gotini.

— Si nilisema! Mzee Redio akapiga paja. Mwezi ujao anatoboa bati.

— Akifika huko juu alipigilie na misumari, nikasema, maana linavuja.

Mara akatokea mama mkwe mwenyewe, kajitanda mtandio mpaka puani. Kwa heshima ya mkwe hawezi kuingia humo, akasimama pembeni.

— Samahanini jamani. Mkwe wangu yupo? Mbwa wa jirani kaingia ndani, kala mboga, kisha kalala kitandani kwangu.

— Yupo, mama, ila anatafakari, kinyozi akajibu kama bawabu.

— Na mlango wangu?

— Kautia dawa ya mchwa, unakauka. Ndivyo alivyotuambia.

— Na huko kutafakari, ni lazima mtu aache kazi?

— Aa, hapana! Mzee Redio akawaka. Mwalimu wao nimemsikia mwenyewe kwenye simu. Anasema kutafakari kumo humo humo kwenye kazi. Ukifagia, fagia. Ukipiga randa, piga randa, akili yote iwe hapo.

— Kumbe. Sasa mbona randa haisikiki?

Kinyozi akachungulia ndani ya kikombe chake. Mzee Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akazimika.

Mimi nikajifanya nafukuza nzi. Kitambaa changu, sijui ilikuwaje, kikanasa pazia, pazia likaja lote na kamba yake.

Huyo seremala! Kakaa juu, uso mtakatifu, sufuria tupu ubavuni. Chini yake kigodoro. Chini ya kigodoro, mlango wa kijani umelazwa juu ya matofali, komeo lake vile vile, na namba ya nyumba aliyoiandika marehemu baba mkwe kwa mkono wake.

— Ndiko kuelea kwenyewe huko? nikamuuliza kinyozi.

Seremala akafumbua jicho moja. Akatuona sisi, akamwona mkwewe. Akalifumba tena.

— Baba, mama mkwe akasema taratibu, wala hakupandisha sauti. Usikatishe. Endelea kuhesabu pumzi zako. Ila zihesabu njiani, mlango ukiwa kichwani. Mimi natangulia.