Kumpeleka Bi Hayat Nairobi

Baraza ile ya Langoni, hapa kisiwani, haina mwenyekiti, lakini baada ya swala ya alasiri kila mtu hujua pake pa kuketi, na kahawa humfikia bila kuagiza. Siku hiyo neno lilikuwa moja, na aliyelileta ni Barka, anayeitwa Pasi kwa sababu ameizunguka dunia yote, yaani Mombasa mara nyingi na Jidda mara moja. Moyo wa mamake, Bi Hayat, umechoka. Daktari amesema apelekwe Nairobi akapasuliwe, kabla ya wiki kwisha. Barka huwa na mzaha kwa kila msiba wa watu. Huu wake alikuwa bado anautafutia.

— Ndege, alisema Yassir Mawingu, mbeba mizigo wa uwanja wa Manda. Mwavuka hapo ng'ambo, mwapanda, hamuyamaliza dua ya safari mushafika.

— Weye umeipanda lini? aliuliza Barka.

— Mimi huipakia. Naijua kuliko abiria.

— Na moyo ule, huko juu?

— Nitasema na rubani apite tini tini, usawa wa minazi.

Shukri Gia, aliyekuwa utingo wa mabasi mpaka magoti yakamshinda, alitua kikombe.

— Mgonjwa ni basi. Mwavuka Mokowe, twamtwalia kiti cha nyuma kizima, twamtandikia godoro na mkeka wa Kipungani juu. Alale kana kwamba yuko kwake.

— Na penye vizuizi, Bwana Shukri? Watu hushuka na vitambulisho wakaenda kwa miguu. Mama hafiki hata mlangoni.

— Twamshusha na godoro lake. Askari wamkague amelala.

Barka nusura acheke.

Abdulqadir Reli alikuwa akingoja zamu yake. Aliwahi kupanda treni mara moja tu, na tangu hapo huizungumza kwa sauti ya mtu aliyetoka kuhiji.

— Treni haina matuta. Chai haimwagiki. Wakaa dirishani wawatazama ndovu wa Tsavo, moyo wapoa wenyewe.

— Treni yaanza Mombasa. Hapa mpaka Mombasa aende na nini?

Reli alifikiri kwa heshima zote.

— Na basi.

— Kwa Gia, basi.

— Ndipo nasema reli iletwe mpaka hapa bandarini. Wakianza leo...

— Daktari amesema wiki hii, Abdulqadir.

Jabez, mwalimu wa kutoka bara, mgeni wa mtaa, alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, akisikiliza.

— Samahani wazee. Kwetu mgonjwa akipelekwa mbali, watu hupanga pia vile atarudi, hata mambo yakiharibika. Nyinyi mmepanga arudi na nini?

Hapa mtu huzikwa pale alipofia, na haraka. Wote waliijua sanda ya Bi Hayat, iliyofukizwa udi na kuwekwa sandukuni, na wote waliujua upande aliojichagulia makaburini, ubavuni mwa mumewe. Mawingu alivitazama viatu vyake. Barka alitafuta neno la kuchekesha, hata la kujicheka mwenyewe, akakosa. Alasiri nzima alikuwa amemuuliza njia kila aliyekaa barazani. Msafiri mwenyewe, mamake, hakuwa amemuuliza.

Akainuka, akaenda nyumbani.

Bi Hayat alikuwa kitandani, tasbihi kifuani. Barka aliketi chini, karibu na miguu yake.

— Mama, tukikupeleka Nairobi... ikawa hukurudi?

— Nitazikwa huko. Nti yote ni ya Mola.

— Na kaburi la ubavuni mwa baba?

— Babako ataningoja. Si mara yake ya kwanza.

Barka aliinamisha uso. Mama akamwekea mkono kichwani.

— Nipeleke na basi.

— Basi litakutaabisha, mama. Ndege...

— Basi lapita Witu. Ndugu yangu Fahima yuko Witu, na hatujasemezana tangu matanga ya babako. Siendi kupasuliwa moyo sijamtaka radhi.

— Tutampigia simu.

— Radhi haitakwi kwa simu, mwanangu. Na ndege yenu haisimami Witu.