Chumvi ya Bassou

Baraza la duka la Hammou, nje kidogo ya Erfoud, lina benchi moja na birika moja la chai ya mnanaa, na kila anayekaa pale amebandikwa jina. Waziri hajawahi kushika cheo chochote, ila akifungua mdomo utadhani katoka kikaoni. Redio hazimiki. Na Bassou, tangu wapimaji walipokuja kutafuta maji, ni Chumvi. Wapimaji walipigilia vigingi vya chuma katika shamba la Moha, mdogo wake, wapitishe umeme ardhini: ukipita vizuri, mashine yao inasema chini kuna maji. Ardhi ilikuwa kavu mno, umeme ukagoma, wakamwomba Bassou amwagie vigingi maji ya chumvi. Akamwaga kwa moyo mmoja. Mashine ikaonyesha maji yapo. Moha akauza mbuzi wote, akachimba kisima, na yaliyotoka hata punda aliyakataa kwa chumvi. Moha akahamia Agadir na watoto wake bila kumuaga kaka yake. Hilo ndilo linalomtafuna Bassou mpaka leo.

— Chumvi, we ulitia mkono mzito, alianza Redio. Ungeonja kwanza, kama mama anavyoonja mchuzi.

— Si mkono, bwana, alisema Waziri. Umeme ndio ulioivuta chumvi ukaishusha chini. Kitaalamu kabisa.

— Yote?

— Yote! Sasa hivi imeshafika Rissani. Mitende ya kule inakauka, hamsikii?

— Basi mwakani itatokea Agadir, imfuate Moha!

Wakacheka. Bassou naye akacheka, maana asipocheka huwa wanazidisha. Moyoni alikuwa akisema, laiti ningepunguza hata konzi moja.

Siku hiyo palikuwa na mgeni, Idder, dereva wa lori la maji, akisubiri gurudumu lake lizibwe pancha.

— Samahani wazee, hiyo chumvi ilikuwa kiasi gani?

— Pakiti ya dukani, alisema Bassou.

— Pakiti? Pakiti ndiyo iharibu kisima kizima? Acheni hizo! Huko nyuma nilikopita, visima virefu vyote vina chumvi, na hakuna aliyemwaga kitu. Mashine inaona umeme umepita, basi. Kuonja haijui.

— Moha aliambiwa ni mimi.

— Na nani?

Redio akaanza kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Waziri akafunua birika, akachungulia ndani, akalifunika. Bassou aliwatazama. Muda wote huo alijilaumu, na swali hilo hakuwahi kuliuliza.

— Tulikuwa tunatania tu, Bassou, alisema Redio mwishowe.

Tangu wapimaji waje, hakuna aliyekuwa amemwita Bassou kwa jina lake pale barazani. Bassou akaiweka glasi yake chini, akasimama.

— Hilo kamwambieni Moha.